Kwa nini madai mengi ya fidia kwa walioumia baada ya chanjo hukwama?

#1 Kumbukumbu (mleta uzi)

Wadau, salaam. Naleta hoja hii nikiwa na msimamo wangu, na ningependa anayeupinga aupinge kwa ushahidi.

Nimefuatilia kwa muda mrefu habari za watu wanaodai fidia kwa madhara yaliyowapata baada ya kuchanjwa. Ninavyoona, wengi wao hawashindwi kwa sababu hawakuumia. Wanashindwa kwa sababu wanatakiwa kuthibitisha jambo ambalo hata madaktari bingwa hulibishania kwa mgonjwa mmoja mmoja, yaani kwamba ni chanjo ile, wala si kitu kingine, iliyowaletea maradhi yale. Mtu amekubali kuchanjwa kwa faida yake na ya wenzake, na serikali imemhimiza afanye hivyo. Akiangukiwa na madhara adimu, anaachiwa ayabebe peke yake.

Mimi si mpinga chanjo, na wanangu wote wamechanjwa kwa ratiba kamili. Ninachouliza ni hiki: madai haya hukwama wapi hasa, na ni haki mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa aliyeumia?

#2 Nesi Mstaafu

Asante kwa uzi. Kabla hatujafika kwenye haki, tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya tangu mwanzo.

Tukio lililofuata chanjo si lazima liwe limesababishwa na chanjo. Shirika la Afya Duniani hugawa matukio haya katika mafungu matano: yanayotokana na chanjo yenyewe, yanayotokana na kasoro ya utengenezaji, yanayotokana na makosa ya mchanjaji au ya utunzaji, yanayotokana na hofu ya sindano, na yale yaliyogongana tu na siku ya chanjo. Nimechanja watu kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba fungu la tatu husahaulika sana. Sindano ikichomwa juu mno begani, au unga wa chanjo ukichanganywa na kimiminika kisicho chake, mtu anaweza kuumia vibaya ilhali chanjo yenyewe ni nzima. Hapo swali linakuwa la uzembe, na mlango wake wa kudai ni mwingine kabisa.

Ama homa, uvimbe na maumivu ya mkono, hayo ni maudhi madogo madogo, na sijasikia mfuko wowote wa fidia unaoyalipia.

#3 Mizania

Nesi ametupa msingi mzuri. Mimi ni mwanasheria, nami nitaongeza historia, kwa kuwa mleta uzi anazungumza kana kwamba mifuko hii ya kuwafidia walioumia kwa chanjo ilianzishwa yote kwa nia moja.

Kwa sheria ya kawaida ya madhara, anayedai lazima aonyeshe kwamba kuna mtu alikosea. Sasa, chanjo ikitengenezwa vizuri na kuchomwa vizuri, halafu mwili wa mtu mmoja ukaipokea vibaya, hakuna aliyekosea, na kesi inakufa. Ujerumani ndiyo iliyotangulia kulitatua jambo hili: mwaka 1953 mahakama yake ya juu iliamua kwamba aliyeumizwa na chanjo ya lazima ya ndui ametoa mhanga kwa ajili ya umma na anastahili kufidiwa, na mwaka 1961 jambo hilo likaingizwa katika sheria. Ufaransa ilifuata mwaka 1964, Japani na Uswisi mwaka 1970, Uingereza mwaka 1979. Huko nia ilikuwa ile anayoisema mleta uzi, kwamba jamii inawiwa na mtu aliyeumia kwa niaba yake.

Marekani hali ilikuwa tofauti. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro walikuwa wakishtakiwa mfululizo, bei ikapanda, baadhi yao wakaacha kabisa kuitengeneza, na nchi ikahofia kukosa chanjo. Sheria ya mwaka 1986 ilitungwa ili kuwalipa walioumia na wakati huohuo kuwabakisha watengenezaji. Mfuko wake ulianza kazi Oktoba 1988, na unachangiwa kwa ushuru wa senti 75 ya dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi, hivyo chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hutozwa dola 2.25.

#4 Mtafuta Haki

Mizania, umelitaja lenyewe bila kulisemea. Mfuko ambao lengo lake mojawapo ni kumkinga mtengenezaji hauwezi kumtazama aliyeumia kwa jicho la haki. Kampuni haziguswi, hazishtakiwi, hazilipi. Maelezo yangu kwa swali la mleta uzi ni hayo tu, na sioni haja ya kutafuta mengine.

#5 Mizania

Haziguswi si neno sahihi, ndugu yangu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Bruesewitz dhidi ya Wyeth, kwamba mtengenezaji hashtakiwi kwa madai kwamba chanjo ingeweza kubuniwa vizuri zaidi. Lakini anayedai kwamba chanjo ilitengenezwa vibaya anaweza kwenda mahakamani, mradi apite kwanza kwenye mfuko. Na tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1955 chanjo ya polio kutoka maabara za Cutter ilitoka ikiwa na virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza na 10 walifariki. Baraza la wazee wa mahakama halikuona uzembe, lakini kampuni ilitakiwa kulipa kwa kuwa bidhaa haikuwa kama ilivyoahidiwa. Kosa la namna ile likitokea leo, mlango haujafungwa.

#6 Takwimu Tu

Nampinga mleta uzi katika jambo moja na kumuunga mkono katika jingine.

Kwanza kupinga. Si kweli kwamba kila mdai anaachiwa athibitishe chanzo. Marekani wana jedwali linaloorodhesha chanjo, madhara na muda. Ukipata mshtuko mkali wa mzio ndani ya saa 4, au maumivu ya bega yaliyoanza ndani ya saa 48, au ugonjwa wa Guillain-Barré (kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu na viungo hulegea) kati ya siku ya 3 na ya 42 baada ya chanjo ya mafua, chanjo huchukuliwa kuwa ndicho chanzo hadi serikali ionyeshe vinginevyo. Mzigo umehamishwa. Bega na Guillain-Barré viliingizwa katika jedwali mwaka 2017, na tangu hapo madai ya bega yamekuwa mengi mno.

Sasa kuunga mkono. Ukiwa nje ya jedwali, hali ni ngumu kwa sababu za kihesabu, wala si kwa roho mbaya ya mtu. Guillain-Barré humpata takriban mtu mmoja au wawili kati ya laki moja kila mwaka, achanjwe asichanjwe. Chanjo ya mafua, pale inapoonekana kuongeza hatari hiyo, huongeza kama mgonjwa mmoja au wawili kwa kila dozi milioni moja. Kwa hiyo ukikusanya wagonjwa wote waliougua baada ya kuchanjwa, unaweza kujua kwamba wapo walioumizwa na chanjo, lakini huwezi kuwanyooshea kidole, kwa kuwa wanafanana kila kitu na wale ambao wangeugua hata hivyo. Maelezo yangu ndiyo hayo: sayansi hujibu kuhusu kundi, na fidia huulizwa kuhusu mtu.

#7 Baba Pacha

Wakuu, mimi nina kisa ambacho hakimo katika maelezo yenu yote.

Shemeji yangu alichanjwa chanjo ya mafua kazini kwake. Wiki chache baadaye miguu ilianza kulegea, ikapanda hadi mikononi, akalazwa, na madaktari wakasema ni Guillain-Barré. Siku hizi anatembea kwa fimbo. Alipodai, ombi lake lilirudi na barua fupi isemayo kwamba ushahidi hautoshi. Tulipochunguza tukagundua kwamba hakuna aliyebishia ugonjwa, wala hakuna aliyebishia kwamba chanjo inaweza kuuleta. Kilichokosekana ni karatasi: daftari la siku ile kazini lilikuwa na majina tu, bila namba ya toleo la chanjo, na faili la wodini liliandika "udhaifu wa miguu" bila kutaja lini ulianza. Kwa hiyo Takwimu anaweza kuwa na hesabu zake, na Mtafuta Haki anaweza kuwa na hasira zake, lakini sisi tulishindwa na kalamu ya mtu ambaye hakuandika mstari mmoja.

#8 Nesi Mstaafu

Pole sana, Baba Pacha, na umfikishie shemeji pole zangu. Hili ulilolisema ndilo nililolipigia kelele kazini siku zote. Kadi ya chanjo inatakiwa ibebe tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo, mkono uliochomwa na saini ya mchanjaji, na mchanjwaji ana haki ya kuidai palepale. Na mgonjwa akifika hospitali na dalili mpya, aseme mwenyewe kwamba alichanjwa na lini, kisha ahakikishe limeandikwa, kwa maana daktari wa zamu anayehangaika na pumzi ya mgonjwa hatakumbuka kuuliza.

#9 Mtafuta Haki

Hata ukiwa na karatasi zote, Waingereza wanakupima kama gunia. Wanataka ulemavu wa asilimia 80, ukiwa chini ya hapo hupati hata senti.

#10 Mizania

Ilikuwa asilimia 80 hadi mwaka 2002. Sasa ni 60. Hoja yako hata hivyo inabaki na nguvu, kwa sababu malipo ya Uingereza ni ya mkupuo mmoja, pauni 120,000, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 2007, na hayana ngazi. Mtu aliyekadiriwa kuwa na ulemavu wa asilimia 60 na yule aliyepooza mwili mzima wanapata fedha ileile, na aliyekadiriwa 59 anatoka mikono mitupu hata kama imekubaliwa kwamba chanjo ndiyo iliyomdhuru. Mimi naliona hili kuwa jambo lisilotetewa kwa urahisi. Kizingiti kinafaa kuondoa maudhi madogo, kama Marekani wanavyotaka madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yamesababisha kulazwa pamoja na upasuaji, au kifo. Kukifanya kizingiti kiwe ukuta kati ya yote na chochote ni kuwatesa watu kwa asilimia moja.

#11 Daktari wa Watoto

Nimesoma kwa makini na naomba niingie kwenye upande ambao haujaguswa, nao ni kwamba ujuzi wenyewe hubadilika baada ya fidia kulipwa au kukataliwa.

Katika miaka ya 1970 wazazi wengi Uingereza waliamini kwamba chanjo ya kifaduro iliharibu ubongo wa watoto wao. Mtoto alikuwa mzima, akachanjwa, akapata homa na degedege, na baada ya hapo hakukua tena kama wenzake. Sheria ya mwaka 1979 ilitokana kwa kiasi kikubwa na juhudi za wazazi hao. Mwaka 1988 mahakama jijini London, katika kesi ya Loveday, ilisikiliza mashahidi wengi na kuamua kwamba haikuthibitika, hata kwa kupima uwezekano tu, kuwa chanjo hiyo huharibu ubongo wa watoto kwa kudumu. Wazazi wakaondoka na majibu ambayo hayakuwa majibu, maana hakuna aliyewaambia basi ni nini.

Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Samuel Berkovic walipima vinasaba vya watu 14 waliokuwa wamehesabiwa kuwa walidhurika ubongo kwa chanjo. Kumi na mmoja kati yao walikutwa na mabadiliko katika kinasaba kiitwacho SCN1A, yanayoleta kifafa kikali cha utotoni kinachojulikana kama ugonjwa wa Dravet. Homa ya chanjo inaweza kuamsha degedege la kwanza, kama ambavyo homa nyingine yoyote ingeliamsha, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapandwa tangu kutungwa mimba.

Sisemi haya ili kuwakebehi wazazi wale. Wao waliona sawasawa walichokiona, na kisa chao ndicho kinachonifanya nisikubali maelezo mepesi ya pande zote mbili.

#12 Kumbukumbu

Daktari, nakushukuru, na kisa hicho kinanizidishia swali. Mtoto mwenye ugonjwa wa Dravet anahitaji uangalizi wa maisha yake yote, chanzo kiwe chanjo au kisiwe. Kama tungekuwa na utaratibu wa kumhudumia kila mlemavu kwa kadiri ya mahitaji yake, mabishano haya juu ya chanzo yangepungua sana. New Zealand tangu mwaka 1974 wana mfuko wa jumla wa ajali na majeraha, na aliyeumizwa na matibabu, chanjo ikiwemo, huingia humohumo bila kumtafuta mkosaji.

#13 Daktari wa Watoto

Huingia, ndiyo, lakini hata huko lazima ionekane kwamba ni matibabu yaliyomuumiza. Mtoto wa Dravet angeweza kubaki nje ya mfuko huo, akategemea misaada mingine ya serikali ambayo huwa midogo. Swali la chanzo halikimbiliki kirahisi, Kumbukumbu.

#14 Takwimu Tu

Nami naongeza hatari ambayo haijatajwa. Malipo husomwa kama ushahidi. Mfuko wa Marekani umelipa zaidi ya dola bilioni 5 tangu mwaka 1988, na takriban asilimia 60 ya fidia hizo zilitokana na makubaliano kati ya pande mbili, bila uamuzi wowote kwamba chanjo ilisababisha. Hata hivyo kiasi hicho hutajwa kila mahali kana kwamba ni idadi ya walioumizwa. Mfuko huohuo ulipokea madai zaidi ya 5,000 yaliyosema kwamba chanjo ilileta usonji, kesi za mfano zikasikilizwa kwa kina, na mwaka 2009 na 2010 zote zikakataliwa, kwa kuwa ushahidi ulikuwa dhaifu mno. Wangelipa kwa huruma, ni wazazi wangapi wangeogopa kuwachanja watoto wao dhidi ya surua? Kwa hiyo ukali una sababu zake, ingawa nakiri kwamba ukali huohuo humwangukia shemeji yake Baba Pacha, ambaye ugonjwa wake haukuwa na ubishi.

#15 Mshangao

Takwimu amemaliza bandiko zima akiwaza mtu mmoja badala ya milioni moja. Uzi huu umefanya kazi. Tuendelee.

#16 Bimkubwa

Wanangu, mnabishana vizuri, ila mnazungumzia nchi zilezile. Mtu aliye kwenye nchi isiyo na mfuko afanyeje? Nami nadhani wengi hawakataliwi, bali hawadai kabisa, kwa kuwa hawajui kama kuna pa kwenda. Aliyeumia hatafuti sheria, anatafuta dawa, na akija kupata nafuu ya kuuliza, anaambiwa muda umepita.

#17 Mizania

Shikamoo, Bimkubwa. Umegusa mambo mawili, yote mazito.

Kuhusu nchi: uchunguzi wa hali ya mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya nchi 194 wanachama wa Shirika la Afya Duniani, 25 tu ndizo zilizokuwa na utaratibu wa fidia ya chanjo bila kuthibitisha uzembe, na karibu zote zilikuwa nchi zenye kipato cha juu au cha kati. UVIKO-19 ilibadilisha picha kidogo. Mwaka 2021 COVAX, mpango wa kimataifa wa kusambaza chanjo za ugonjwa huo, ulianzisha utaratibu wa fidia kwa nchi na maeneo 92 yenye kipato cha chini na cha kati, malipo ya mkupuo yakikadiriwa kwa pato la wastani la nchi na uzito wa madhara. Ulihusu chanjo zilizosambazwa kupitia mpango huo tu. Mtoto aliyeumia kwa chanjo ya kawaida ya kliniki hakuwamo. Nje ya hapo, mtu anabaki na kesi ya kawaida ya uzembe, ambayo tumeshaona jinsi inavyokufa.

Kuhusu muda: Uingereza mdai ana miaka 6 tangu kuchanjwa, au hadi afikishe umri wa miaka 21, lolote litakalochelewa. Mfuko mkuu wa Marekani unatoa miaka 3, na saa huanza kuhesabu siku ya dalili ya kwanza, si siku daktari alipoutambua ugonjwa. Ila waliochanjwa dhidi ya UVIKO-19 walipelekwa kwenye mfuko mwingine wa dharura, ambako muda ni mwaka mmoja tu tangu siku ya sindano, gharama za wakili hazilipwi, na uamuzi haukatiwi rufaa mahakamani. Katika mfuko mkuu wakili hulipwa hata mdai akishindwa, ikiwa dai lililetwa kwa nia njema na lina msingi. Mimi naona tofauti hii ya wakili hueleza mengi: mtu mgonjwa asiye na wakili haandiki dai linaloshinda.

#18 Mtafuta Haki

Na hayo yote ni kwa makusudi. Serikali ikikubali kwamba watu wameumia, imani ya chanjo itashuka, kwa hiyo ni salama kwao watu wachelewe na kukosea fomu.

#19 Nesi Mstaafu

Makusudi siyaoni, na nina mfano unaokwenda kinyume. Mwaka 2009 watu wengi Finland na Sweden walichanjwa kwa Pandemrix dhidi ya mafua ya nguruwe. Mwaka uliofuata madaktari wa nchi hizo waligundua ongezeko la watoto na vijana wanaozidiwa na usingizi mchana, ugonjwa uitwao narkolepsia. Mamlaka zao zilitangaza zenyewe, zikachunguza, zikathibitisha uhusiano, na walioathirika wakafidiwa. Chanjo za watoto katika nchi hizo hazikuporomoka. Kinachovunja imani ni mzazi kuona mtoto ameumia halafu kila dirisha analokwenda linamwambia jambo lake haliko hapo.

#20 Mtafuta Haki

Mfano mmoja wa Skandinavia hauondoi ukimya wa kwingine, Nesi, lakini nauheshimu.

#21 Baba Pacha

Nashukuru kwa michango yote, ingawa bado sijui nani kati yenu yuko sahihi. Mizania, kwa shemeji barua ya kukataa imeshatoka. Kuna la kufanya?

#22 Mizania

Lipo. Kwanza uombe mfuko ukuandikie sababu za kukataa kwa ukamilifu, maana "ushahidi hautoshi" si sababu inayoweza kujibiwa. Angalia pia kama barua inataja siku ya mwisho ya kuomba mapitio, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopanga kazi nyingine zote.

Pili, daftari la kazini likiwa na jina na tarehe, namba ya toleo inaweza kupatikana kwa aliyesambaza chanjo, kwa kulinganisha tarehe ya kupokea shehena na siku ya zoezi.

Tatu, daktari wa mishipa ya fahamu aliyemtibu aandike barua inayojibu maswali matatu: kama chanjo hiyo inaweza kuleta ugonjwa huo, kama mlolongo wa dalili za mgonjwa huyu unaendana na hilo, na kama muda uliopita kati ya sindano na dalili ya kwanza unakubalika kitabibu. Maswali hayo yamo katika uamuzi wa Marekani wa mwaka 2005 uitwao Althen, lakini mpitiaji wa dai popote pale atayauliza kwa namna moja au nyingine. Tarehe ya kuanza kulegea miguu isiachwe kwa kumbukumbu ya shemeji peke yake. Wenzake waliomwona akishindwa kupanda ngazi kazini waandike na kusaini walichokiona na siku waliyokiona.